Maswali mnayoniuliza sana: jiko letu, bahasha ya zaka na ndoa changa hapa Kigoma

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kila Jumapili nikitoka ibadani kuna dada atanishika mkono pembeni aniulize, wengine mnatuma meseji usiku, na maswali ni yale yale kwahiyo nimeona niyajibu yote pamoja. Mi niliolewa Disemba 2023, tunakaa Gungu, mume wangu ni fundi wa mashine za maboti kule Kibirizi na mimi nina cherehani yangu hapa barazani. Hatuna mshahara wa mwisho wa mwezi hata mmoja wetu. Hayo yote mkumbuke mnaposoma maana majibu yangu yanatoka humo.

Kwani kupika na sadaka vinahusiana nini?

Vinahusiana sana dada angu. Hela ya mboga na hela ya zaka, yaani lile fungu la kumi tunalopeleka kanisani, zinatoka mfuko mmoja, na kwenye ndoa changa mfuko wenyewe ni mdogo, kwahiyo jiko likienda ovyo ovyo bahasha ndo inakuwa ya kwanza kuumia. Mi naona wengi tunafundishwa utoaji kanisani na mapishi kwenye kitchen party, hakuna anayetukalisha chini atuambie kwamba mtu anayenunua mkaa wa kopo kila siku na nyanya za mia mia hawezi kutoa kwa utulivu, kila Jumapili atakuwa anatafuta hela ya kukopa.

Alafu soma vizuri Malaki 3:10, wote tunaujua ule mstari ila tunakimbilia madirisha ya mbinguni tunaruka katikati. Unasema leteni zaka kamili ghalani, ili kiwemo chakula katika nyumba yangu. Chakula! Zaka yenyewe ilikuwa nafaka na divai na mafuta na wanyama, ilikuwa ni ya kuliwa. Walawi hawakugawiwa shamba kwahiyo walikula kutoka humo, na Kumbukumbu la Torati 14 mwishoni inasema kila mwaka wa tatu zaka ikae hapo hapo mjini, Mlawi na mgeni na yatima na mjane waje wale washibe. Nilipoliona hilo nikaacha kuona jiko ni kitu cha dunia na bahasha ni kitu cha kiroho.

Tunatoa kwanza au tunakula kwanza?

Kwetu tunatenga kwanza. Sisemi kutoa, nasema kutenga, yaani hela ikiingia mkononi ile ya Bwana inatoka hapo hapo kabla haijafika sokoni, kwa sababu mi najijua, nikifika soko la Mwanga na elfu kumi nikaona ngogwe (nyanya chungu) zimejaa vizuri na migebuka, wale samaki wa ziwa letu, bado inang'aa macho, ile elfu kumi hairudi nyumbani. Tukipata elfu kumi, elfu moja inaingia kwenye bahasha. Tukipata elfu tatu, mia tatu. Usidharau mia tatu, ukisubiri zikusanyike ndo utenge unajikuta huna kitu.

Zaka inahesabiwa kwenye hela yote au faida?

Mwenye mshahara amuulize mchungaji wake, kuna wanaotoa kabla ya makato na wengine baada, na wote wanampenda Mungu. Sisi wa kazi za mikono hesabu ni tofauti kidogo na hapa wengi mnajiumiza bure. Mteja akimletea mume wangu laki na ishirini atengenezewe mashine, elfu themanini na tano ni ya spea, ile sio hela yetu, imepita tu mkononi. Iliyobaki elfu thelathini na tano ndo ufundi wake, zaka hapo ni elfu tatu na mia tano. Mwanzoni tulikuwa tunatoa kwenye laki na ishirini nzima, elfu kumi na mbili, tukidhani ndo uaminifu, kumbe tunakula mtaji na mwisho wake mume wangu akawa anadaiwa dukani. Hata Biblia inaposema malimbuko ya mazao inasema ya mazao, hela ya mbegu ya mtu mwingine haimo.

Mume wangu anafanya kazi ziwani, wiki ana hela wiki hana, tunapangaje?

Pangeni kwa mwezi, namaanisha mwezi wa angani. Wa Kigoma mnanielewa. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka ziwa zima linakuwa na mwanga, dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika. Giza likirudi maboti yanatoka na hela inatembea mpaka kwa sisi ambao hatuvui, fundi anapata, mama lishe anapata, hata mi cherehani yangu inasikia.

Kwahiyo nanunua vitu vizito wakati wa giza: unga, gunia la mkaa badala ya kopo, maharage ya Kasulu, mafuta ya mawese dumu la lita tano. Wiki ya mbalamwezi nanunua mboga za majani na nyanya tu. Kalenda ipo ukutani, tarehe za mwezi mkubwa nimezizungushia kalamu nyekundu, mume wangu akija na hela nyingi ghafla anaangalia pale kwanza kabla hajaniambia anataka kununua kitu.

2024 ziwa lilipofungwa mlitoa nini?

Hili nitalieleza kwa urefu maana ndo tulipojifunzia. Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvua kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, miezi mitatu, ili samaki wazaliane, na sisi tulikuwa na miezi mitano tu kwenye ndoa, hata zile sufuria za zawadi nyingine zilikuwa bado na stika. Wiki mbili za kwanza tukajiona tumepona, wenye maboti walileta mashine zifanyiwe sevisi kwa vile zimekaa, mume wangu akawa na kazi mpaka usiku. Baada ya hapo kimya. Mwezi Juni karibu wote tumekula kwa cherehani, na watu wakiwa hawana hela hawashoni nguo, wanabadilisha zipu.

Kilichotuokoa jikoni ni kwamba mama mkwe, ambaye yupo Kasulu, alitutumia debe la maharage kwa basi, na mimi mwanzoni mwa Mei nilikuwa nimenunua dagaa wakavu nikawaweka kwenye ndoo ya mfuniko. Nawashauri kila mara, dagaa wa kuweka wawe wa chanja, wale wa kuanikwa mchangani utatafuna mchanga mpaka ukome, na wawe wamekauka kabisa, ukimvunja mmoja awe anakatika, akipinda huyo bado. Na sombe, yaani kisamvu, sombe haikufungwa na mtu, ipo nyuma ya kila nyumba.

Sasa bahasha. Kuna wiki moja iliingia elfu nane tu, kwahiyo zaka ilikuwa mia nane. Nilizishika zile sarafu nikasikia aibu, nikamwambia mume wangu bora tusipeleke, tuunganishe na wiki ijayo maana mhesabu sadaka atatushangaa. Akanijibu mke wangu hii ndo asilimia kumi yetu, ingekuwa elfu themanini usingeona aibu na asilimia ingekuwa hiyo hiyo. Tukaipeleka. Marko 12 yule mjane alitia senti mbili na Yesu alikuwa amekaa anaangalia.

Agosti ziwa lilipofunguliwa, malipo ya kwanza aliyopata mume wangu kulikuwa na migebuka minne juu yake. Mmoja tulimpelekea bibi wa nyumba ya tatu, mjane, ambaye miezi yote ile alikuwa anatupa matembele. Alimshika yule samaki kwa mikono miwili akamnusa, akasema "wamerudi".

Mnakula nini wiki nzima na bado mnatenga?

Hamna siri. Maharage mara mbili kwa wiki, sombe mara moja au mbili, dagaa, mboga za majani kama lengalenga au matembele, na samaki mbichi pale wanapokuwa bei nzuri, mara nyingi Jumamosi. Ugali wa mahindi au wa muhogo. Wali Jumapili. Maharage naloweka usiku, asubuhi namwaga yale maji naweka mengine, yanaiva haraka na mkaa unapungua kweli, nachemsha ya siku mbili kwa mara moja, nusu naunga leo nusu kesho, ya kesho nayachemsha tena usiku kabla ya kulala yasichache.

Kisamvu usiharakishe jamani. Kinatakiwa kitwangwe vizuri na kichemke muda mrefu bila kufunikwa, majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwanga na kuchemsha, na ndo maana mama zetu hawakubali cha kuchemka dakika kumi. Mawese na karanga au dagaa vinaingia mwishoni.

Tuelekeze basi mgebuka wa mawese.

Haya, hapa napenda. Msafishe mgebuka, mkate vipande vitatu, mpake chumvi na limau akae kidogo wakati unawasha jiko. Alafu mbabue juu ya mkaa, humuivishi, unamkausha ngozi tu ili asivunjike ndani ya mchuzi. Weka mawese kwenye sufuria moto wa kawaida, yapashe mpaka ile harufu ya ubichi iishe, ila usiyaache yakatoa moshi yakapoteza rangi, ile rangi nyekundu ndo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ukiyaunguza mpaka meupe umebaki na mafuta tu. Kitunguu, nyanya, ngogwe mbili tatu ukizipasua katikati, pilipili nzima usiipasue. Nyanya zikishaiva panga vipande vya samaki, maji kidogo, funika. Na kuanzia hapo mwiko weka pembeni! Ukikoroga umeharibu. Shika sufuria kwa vitambaa pande mbili uitikise taratibu, mchuzi upande juu ya samaki. Mafuta yakielea juu ya mchuzi, epua. Mgebuka wa kukaushwa kwa moshi ni hivyo hivyo ila mloweke maji ya moto kwanza na chumvi punguza.

Kwa watu wawili mgebuka mmoja mkubwa unatosha na mchuzi unabaki wa asubuhi kulia muhogo.

Mimi sikufundishwa kupika kwetu, mama mkwe ananisema. Nifanyeje?

Mwombe yeye akufundishe. Najua inauma lakini jaribu, sema "mama, mwanao anasifia sana maharage yako, nionyeshe". Mi mama mkwe alinifundisha ugali wa muhogo, nyumbani kwetu Tabora tulizoea wa mahindi, wangu ulikuwa unatoka kama gundi kwa sababu nilikuwa naupika kama wa mahindi. Aliniketisha kwenye kigoda akanishika mkono wenye mwiko. Tangu siku ile hajanisema tena kwa majirani, anasema "mkwe wangu nilimfundisha mwenyewe".

Mume kuingia jikoni ni sawa?

Sawa kabisa. Wangu anakaanga dagaa vizuri kuliko mimi, na siku nina nguo za harusi za watu za kumaliza anasonga ugali. Aliyeumizwa na hilo hajawahi kuniambia.

Mume wangu anatoa ahadi kanisani bila kuniambia, mpaka hela ya kodi inaguswa.

Pole sana, nayajua haya. Miezi ya mwanzo kanisa tulilokuwa tunasali kulikuwa na changizo la mabati, mume wangu akasimama akaahidi laki mbili. Mi nilikuwa nimekaa upande wa kina mama, nimelisikia jina letu linasomwa kwenye spika na kiasi chake, watu wanapiga makofi, mi moyo umekwenda moja kwa moja kwenye kodi ya miezi mitatu ambayo tulikuwa hatujamalizia. Sikulala. Na mimi badala ya kusema nikanyamaza nikaanza kumlisha mboga ya maji tupu wiki nzima, ajue mwenyewe. Akala akanyamaza. Wote tulikosea.

Tulipokuja kuongea, aliniambia alisimama kwa sababu wenzake wote wa rika lake walisimama. Alienda mwenyewe kwa mtunza hazina akaomba alipe elfu hamsini hamsini kwa miezi minne, akakubaliwa bila neno, na tulimaliza. Sasa kwetu ahadi yoyote inayozidi elfu kumi haitamkwi kabla hatujaongea nyumbani. Mchungaji akitaka watu wasimame papo hapo, mume wangu anakaa, jioni tunaongea, wiki inayofuata tunapeleka kwa mhasibu bila kutangazwa. 2 Wakorintho 9:7 inasema kila mtu kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Kukusudia kunataka muda.

Naweza kutoa kwa siri bila mume kujua?

Sadaka ya hela yako ndogo ya mkononi, anayoijua ipo na amekuachia uitumie unavyotaka, sioni shida, mkono wa kushoto usijue. Lakini kubana hela ya mboga ukamwambia nyanya zimepanda wakati hela imeenda kwenye bahasha, huo ni uongo dada hata kama umeupeleka madhabahuni. Matendo 5 Anania na Safira kosa lao halikuwa kiasi, Petro aliwaambia wazi lile shamba lilikuwa lao na hela ilikuwa mikononi mwao, kosa ni kusema uongo, na walikuwa mke na mume waliokubaliana. Kama mume hajaokoka au hataki kabisa utoaji, anza na kile ulichopata kwa mikono yako, mwambie, na mpikie vizuri. Asije akaona Mungu wako ndo anamnyang'anya sahani.

Hela ya kumtumia mama kijijini ni fungu la kumi?

Kwetu hapana, tunaitenga peke yake. Ila usimwache mama yako na njaa ukisema hela yote ni ya Bwana, Yesu aliwakemea watu wa namna hiyo kwenye Marko 7, waliokuwa wakisema ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, alafu wazazi wanakosa. Na 1 Timotheo 5:8, asiyewatunza wa kwake ameikana imani, ni kali kuliko mahubiri mengi ya zaka niliyowahi kusikia. Sisi tuna bahasha ya pili, imeandikwa WAZAZI, inagawanywa sawa Tabora na Kasulu, na akienda mtu kule tunatuma pia dagaa maana kule dagaa wa Kigoma ni zawadi kubwa kuliko hela.

Tuna deni la harusi. Tutoe au tulipe kwanza?

Vyote, kidogo kidogo, ila mwenye deni aone linapungua kila mwezi. Kumpita mdai wako njiani ukiwa umeshika bahasha ya sadaka ni ushuhuda mbaya. Msikope ili mtoe. Hilo nalisema kwa nguvu, hata kwenye kikoba msikope ili mtoe.

Tumeambiwa tusipotoa tutalaaniwa, naogopa sana.

Nakuelewa, nilikuwa hivyo. Kuna kipindi mtoto wa dada angu aliugua malaria nikaanza kuhesabu ni wiki gani nilipunguza zaka. Malaki aliwakemea watu waliokuwa wanamwibia Mungu kwa makusudi huku ghala tupu, sio mama ambaye hana unga. Na yule mjane wa Sarepta, mnayetajiwa kila wakati wa changizo, aliambiwa na nabii Eliya ampikie yeye kwanza, akapewa ahadi kwamba unga hautaisha, na yeye mwenyewe na mwanae wakala siku nyingi, Eliya hakuondoka na unga akawaacha. Ukitoa kwa kuogopa hata kupika utapika kwa kuogopa. Kaa na mchungaji wako au mama mchungaji umwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi.

Wageni wakija ghafla na chakula ni cha wawili?

Ongeza maji kwenye mchuzi na songa ugali mwingine, ndo maana dumu la mawese na ndoo ya dagaa havitakiwi kuisha. Dagaa wanaiva kabla mgeni hajamaliza kusimulia safari.

Sahani ya jirani inahesabiwa kama sadaka?

Ni sadaka, ila haituondolei ya kwenye bahasha. Tukipika sombe nyingi naipeleka kwa yule bibi kwenye bakuli lenye mfuniko, na bakuli halirudi tupu hata siku moja, wiki iliyopita lilirudi na ndimu tano.

Bahasha mnaiweka wapi isiguswe?

Kabati la vyombo, nyuma ya kopo la chumvi ya Uvinza, anapopajua mume wangu na mimi. Jumamosi jioni yeye anahesabu mimi naandika kwenye daftari, yakitofautiana tunarudia. Tukimaliza tunaishika wote wawili tunaomba kwa kifupi, maana muda huo maharage yanakuwa jikoni na mi nishaanza kusikia yanataka maji.